Kona ya Yaya: Usiipendee Lampu Mng'ao Wake

Haya, wadogo zangu, sogeeni. Wiki hii wachumba na mahari vitusubiri kidogo, maana barua zenu siku hizi zinanuka lehemu. Vijana wa kwaya, vijana wa sono, mitambo ya sauti ya harusi, na wewe mpiga gitaa wa pale Mudaka ambaye mama yako anadhani umelala kumbe unafungua redio za watu, wote mnaniuliza neno moja: Yaya, ampli yangu ni ya transista, nguvu inayo, lakini sauti yake kavu. Nimeambiwa nikiitanguliza na preampli ya lampu italainika. Ninunue ipi?

Mnauliza ipi kabla ya kuniambia ampli yenyewe ni ipi. Siwagombezi sana. Kila aliyependa huanza hivyohivyo: anaona sura kwanza, ukoo anauuliza baadaye, wakati kadi za harusi zimeshagawiwa. Lakini mimi ni yaya wenu, na kazi ya yaya ni kuuliza ukoo mapema.

Hamu yenu naielewa. Rumba iliyowalea, ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, ilikua mikononi mwa lampu. Studio za Léopoldville za miaka ya 1950, Ngoma na Loningisa na wenzao, zilirekodi enzi ambayo maikrofoni ikiingia mashineni inapita kwenye lampu za kioo. Transista ilikuwa imeshagunduliwa Marekani mwaka 1947, ila ilichukua muda mrefu kuingia studio. Kwa hiyo sikio lako, mdogo wangu, lilizoezwa na sauti za babu zako bila wewe kujua. Gitaa likiwa na unene kidogo pembeni, sauti ya mwimbaji ikiwa na joto, unasema "hii ndiyo". Hilo halina aibu.

Na ndoa yenyewe ya lampu na transista ina akili. Ampli kubwa ya lampu tupu ni ghali, nzito, inachemka, na lampu zake za nguvu zinachoka upesi. Lampu ndogo za preampli hazichoki hivyo. Zikitunzwa zinakwenda maelfu ya saa. Basi unaiacha transista ibebe mzigo wa kusukuma bafle, yaani masanduku ya spika, na lampu unaipa kazi ya kutia ladha. Ladha hiyo haina uchawi: lampu ikifanya kazi inaongeza kidogo sauti ya oktavu ya juu ya kila noti, na sikio linaipokea kama utamu. Kidogo tu, lakini. Anayetaka nyingi anapata uji.

Sasa shikeni hili moja kwanza, maana kuna watu wanatoa dola zao kwa kutolijua: preampli haiongezi wati. Ampli ya wati 100 inabaki ya wati 100. Kama bafle zenu zimechanika mdomo na zinakwaruza, lampu itawaletea mkwaruzo wenye joto. Mwenye bafle mbovu aanze na bafle, tena leo, na barua hii ataisoma mwaka ujao.

Halafu kuna hadaa ambayo lazima niiseme kwa sauti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zipo preampli za bei nafuu zenye dirisha dogo mbele, ndani lampu inawaka rangi ya machungwa, na kijana akiiona tu moyo unahama. Nyingine kati ya hizo lampu inalishwa volti chache mno, ilhali lampu ya namna hiyo imezaliwa kula volti 200 na zaidi. Kazi halisi inafanywa na vipande vya silikoni pembeni, na ile rangi ya machungwa ni taa ndogo ya kupambia iliyofichwa nyuma ya kioo. Lampu ya kweli iking'aa, mng'ao wake ni mdogo, uzi mwembamba tu katikati. Gizani unauona, mchana unautafuta. Muuzaji akikuwashia mchana kweupe na dirisha likawaka kama baa, mwulize: lampu hii inapewa volti ngapi? Akibadilisha mazungumzo, chukua mfuko wako uende.

Tuje kwenye moyo wa jambo. Kila ampli ina mlango wa kuingilia, na mlango huo una ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Kila preampli ina mlango wa kutokea, nao una ukinzani wake. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: omu za ampli ziwe angalau mara kumi ya omu za preampli. Basi. Lakini ampli za lampu za zamani zilikuwa na mlango wa omu 100,000, nusu milioni, hata milioni nzima, na preampli nyingi za lampu zilichorwa kwa ajili ya hizo. Ampli yako ya transista, hasa ya sono, mara nyingi ina omu 10,000 au 20,000 tu. Hapo ndipo ndoa inapovunjika na kila mtu anamlaumu mwingine.

Nawaonyesha. Chukua preampli rahisi ambayo sauti inatoka moja kwa moja kwenye lampu ya 12AX7, bila hatua nyingine ya kuishusha. Mlango wake wa kutokea unaweza kuwa na omu 40,000 hivi. Ukiichomeka kwenye ampli ya omu 10,000, sauti inayofika ni moja ya tano ya ile iliyotoka. Unafungua volumu, unafungua tena, kelele ya "shhh" inapanda, na bado kwaya haisikiki hadi mlangoni. Ukiongeza waya mrefu kutoka meza ya fundi nyuma ya kanisa hadi ampli iliyo mbele, waya wenyewe unaanza kula sauti nyembamba za juu. Matoazi yanakuwa mabubu.

La besi ndilo linaloniumiza zaidi, maana linagombanisha watu. Sauti ikitoka kwenye lampu inapita kwenye kapasita inayozuia ile volti kubwa isiingie kwenye ampli. Watengenezaji wengi wa zamani waliweka kapasita ndogo, mikrofaradi 0.1, na kwa ampli ya omu 100,000 ilitosha kabisa: sauti zilianza kupungua chini ya hezi 16, ambako sikio la mwanadamu halina biashara. Kapasita ileile mbele ya ampli ya omu 10,000, kama mlango wa kutokea wa preampli una omu chache, inaanza kupunguza kwenye hezi 160. Sasa hesabuni wenyewe: gitaa la besi lenye nyuzi nne, uzi mnene unatoa hezi 41, unaofuata 55, halafu 73, na mwembamba 98. Nyuzi zote nne, zikipigwa wazi, ziko chini ya 160! Mpiga besi wa watu anapiga hadi vidole vinatoka malengelenge, mwalimu wa kwaya anamwambia mvivu, mwenye bafle anaambiwa bafle zake za wizi, kumbe mkosaji ni kijipande kidogo kilichojificha ndani ya sanduku. Kapasita ya mikrofaradi 2.2, yenye kustahimili volti 400, ingeshusha mpaka huo hadi hezi 7. Ila msikimbilie kubadilisha wenyewe. Nitawaambia kwa nini.

Kwa hiyo, anayeniuliza ipi, jibu la kwanza ni hili: chukua ile ambayo karatasi yake inasema mlango wa kutokea una omu 1,000 au chini ya hapo. Mafundi wanaipata kwa kuongeza nusu ya lampu iliyounganishwa kwa namna ya kufuata katodi, ambayo haikuzi sauti ila inaipa nguvu ya kusukuma. Nyingine zina transfoma ndogo ya kutokea, nazo nzuri, ghali tu. Karatasi haisemi? Muuzaji hajui? Mdogo wangu, kuna preampli nyingine duniani.

Kukuza nako kuna kipimo chake. Simu yako au meza yako ya kuchanganyia sauti inatoa tayari volti moja au karibu yake. Ampli nyingi za sono zinataka volti 1.4 tu ili zitoe nguvu zao zote: ile inayokuza mara 20 itatoa volti 28, na kwenye bafle ya omu 8 hizo ni wati 98. Sasa wewe katikati unaweka preampli yenye lampu ya 12AX7, ambayo kwa kuzaliwa kwake inakuza hadi mara 100. Ya nini? Utaishi na volumu imefunguliwa kidole kimoja, ukigusa kidogo watu wanaziba masikio. Preampli ya namna hiyo inaweza kutoa volti 20 na zaidi bila jasho, na ampli ya transista ikipewa kupita kiasi haikunji sauti taratibu, inaikata. Kinachokufa kwanza ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kwa aliye na meza au simu, lampu ya 12AU7, ile ambayo Ulaya wanaiita ECC82, inakuza hadi mara 17 au 20 na inatosha na kubaki. Hiyo 12AX7, au ECC83, mwachieni mwenye maikrofoni tupu au gitaa, ambao wanaleta vijisehemu vidogo vya volti.

Wewe wa gitaa nina neno lako peke yako. Usichukue preampli ya gitaa ukaipeleka moja kwa moja kwenye bafle za kanisa zenye twita. Spika za gitaa zimezaliwa viziwi kwa sauti za juu sana, na uziwi wao ndio unaoficha makali. Kwenye twita makali yote yanatoka nje, kama nyuki. Ama utafute spika ya gitaa, ama preampli yenye sehemu ya kuiga spika.

Sasa nisikilizeni vizuri zaidi, maana haya mengine mtu wa Brussels anaweza kuyapuuza na asidhurike. Nyinyi hapana. Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, mtambo wa kwanza ukiwa kazini tangu mwisho wa miaka ya 1950 na wa pili tangu 1989, na watu tumeongezeka kuliko maji. Unajua jinsi unavyokatika. Unajua pia jinsi unavyorudi: bila hodi. Mko katikati ya wimbo, giza. Watu wanaguna, wanatoa simu kumulika, mnasubiri. Hakuna aliyegusa swichi. Umeme unarudi ghafla, ampli ya transista inaamka papo hapo, masikio wazi, na lampu bado baridi. Lampu inahitaji nusu dakika hadi dakika nzima kupata joto, na inapoanza kuvuta umeme, volti ndani yake zinashuka kwa makumi. Mshuko huo unapita kwenye kapasita, ampli inaupokea kama sauti, inaukuza mara 20, na koni ya spika inasukumwa hadi mwisho wake. Mnasikia "dum" moja. Watoto wanacheka. Baada ya "dum" kadhaa spika inaanza kukwaruza na hakuna anayejua ilianzia wapi.

Kwa hiyo utaratibu, na ninautaka kichwani kama sala: kuwasha, preampli kwanza, subiri dakika, kisha ampli. Kuzima, ampli kwanza, subiri ife kabisa, kisha preampli. Na umeme ukikatika, mtu mmoja, aliyechaguliwa kwa jina, kazi yake ni kunyoosha mkono gizani na kuzima ampli. Si kesho, si umeme ukirudi, hapohapo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na spika ya inchi 15 nayo ina guu. Preampli zilizofikiriwa vizuri zina relei inayofunga mlango wa kutokea hadi lampu ipate joto, na inayofunga tena umeme ukikatika. Ukikuta mbili za bei moja, moja ina lampu nzuri zaidi na nyingine ina relei hiyo, mimi kwa Mudaka nachukua yenye relei bila kufikiri mara mbili.

Umeme ukiwepo nao tusiuamini. Uzi wa kupashia lampu joto unataka volti 6.3, na ukipungua au kuzidi kwa sehemu moja ya kumi bado unavumilia. Lakini jioni, kila nyumba imewasha, ukuta ukikupa volti 160 badala ya 220, uzi unapata volti 4.6. Lampu inafanya kazi kwa baridi, sauti inalegea, na ikiendelea hivyo miezi inaharibika mapema. Preampli haili umeme mwingi, kwa hiyo stabilizata ndogo inaitosha, msiikwepe. Wenye sola na inveta, hakikisheni inveta ni ya mawimbi laini. Zile za mawimbi ya mraba zinaingiza mvumo ambao hamtauondoa kwa maombi. Na mvua ya radi ikitanda, chomoeni kila kitu ukutani. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi kuliko zote duniani, si maneno ya bibi, wanaozihesabu kwa setilaiti ndio wanaosema.

Wenye shangazi Kanada na kaka Marekani, nawaona mnavyotabasamu na vifurushi vyenu. Kule umeme ni volti 120. Geuza sanduku, soma nyuma kabla ya kuchomeka. Kama imeandikwa 120 tupu, bila swichi ya kubadilisha, ukiichomeka hapa inameza karibu mara mbili ya kiasi chake, na zawadi ya shangazi itatoka moshi mbele ya macho yako. Kuna transfoma za kushusha. Inunue hiyo kwanza, halafu umpigie shangazi kumshukuru.

Jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: lampu inasikia mtikisiko. Ndani yake kuna vyuma vyembamba, vikitikisika vinageuka sauti. Usiweke preampli juu ya bafle ya besi, hata kama ndiyo meza pekee iliyobaki uwanjani. Itaanza kupiga yowe. Ukiwa dukani, omba iwashwe, iunganishwe, volumu ya kawaida, kisha gonga kila lampu taratibu kwa upande wa kifutio wa penseli. Mlio mdogo unaokufa mara moja ni kawaida. Ikilia kama kengele na kuendelea kulia, lampu hiyo imechoka au imezaliwa vibaya. Na ukiwa na mita, pima volti za mkondo mnyoofu kwenye mlango wa kutokea baada ya dakika chache. Ziwe sifuri au karibu yake sana. Zikiwa volti nzima, kapasita inavuja, na kinachovuja kitaingia kwenye ampli yako.

Nilisema nitawaambia kwa nini msijifanyie wenyewe. Ndani ya sanduku lile kuna volti 250, 300, na kapasita zake zinazishika hata baada ya kuchomoa waya. Zimezimwa, zimetulia, na bado zinaweza kumrusha mtu mzima. Nyinyi mmezoea ampli za transista ambazo mnazichokoa huku mnakula muhogo. Hii siyo ile. Mpelekeeni fundi aliyewahi kufungua redio za lampu, mzee wa watu, wapo bado mtaani Kadutu, na mkae pembeni mkimwangalia anavyozimwaga zile kapasita kwanza kabla ya kugusa chochote. Mtajifunza zaidi hapo kuliko kwenye video zote mnazotazama usiku.

Upande wa pesa sitaki kuwachosha. Chagueni preampli yenye lampu za kawaida, 12AX7 au 12AU7, ambazo bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Zile za nadra zinazotajwa kwa majina matamu, lampu ikifa mtazunguka dunia. Nunueni na akiba, lampu moja ya ziada ya kila aina. Na usikubali kuaibishwa na wenzako kwa sababu yako haina jina kubwa. Mchagua jembe si mkulima. Nimesikia sono za kijijini zilizopangwa kwa akili zikiizidi sono ya mjini yenye majina ya kutisha.

Na wewe ambaye umesoma hadi hapa ukagundua ampli yako inakwaruza kwa sababu waya wa bafle umelegea, bana waya. Huna haja ya lampu, na wala usijisikie vibaya. Umeokoa pesa za karo ya mdogo wako.

Basi msiniandikie tena "Yaya, ninunue ipi?" Niandikieni omu na volti zilizoandikwa nyuma ya ampli yenu, volti mlizopima ukutani jioni watu wote wakiwa nyumbani, na kama mnatumia maikrofoni, gitaa, simu au meza. Mwenye haya manne mkononi nitamjibu, na jibu lake pengine litakuwa fupi kuliko barua yake.